Tarakimu Sita za Bi Wegesa

Bi Wegesa Mniko aliajiriwa Shule ya Sekondari Kemorabu mwaka 1996 kama mchapaji, akakabidhiwa taipureta yenye herufi zote isipokuwa h. Kwa miaka miwili barua za shule zilitoka bila h, naye alizijaza kwa kalamu, moja baada ya nyingine. Hakuna aliyemshukuru kwa sababu hakuna aliyegundua. Baadaye ikaja kompyuta. Radi ikaiunguza, ikaja nyingine. Cheo chake nacho kikawa kinabadilika: mchapaji, katibu muhtasi, halafu Mwandishi Mwendesha Ofisi. Jina lilizidi kurefuka kila wakubwa walipopata wazo jipya. Kiti kilibaki kilekile, mguu mmoja umefungwa kwa waya.

Mimi nilifundisha Jiografia pale kwa miaka tisa, na meza yangu ilikuwa karibu na dirisha la ofisi yake. Mengi ninayosimulia niliyaona. Yale ambayo sikuyaona alinieleza mwenyewe, maana Bi Wegesa hapendi habari zake zisimuliwe kwa kukosewa.

Mkuu wa shule wetu alikuwa Bwana Ildefonce, aliyeletwa kutoka Kigoma akiwa na shahada mbili na tabia ya kuzitaja. Alikuwa na miaka arobaini na minne, Bi Wegesa hamsini na tisa. Hata hivyo sijawahi kumsikia akimwamkia shikamoo. Alituambia siku moja kikaoni kwamba ofisini hakuna umri, kuna muundo. Barua pepe za shule hakuzisoma kwenye kompyuta. Bi Wegesa alizichapa kwenye karatasi, akazipeleka mezani kwake kwenye faili la kijani, naye akaandika majibu pembeni kwa kalamu, kisha Bi Wegesa akarudi kuyachapa na kuyatuma. Huo ndio uliokuwa mfumo wetu wa kidijitali.

Mwaka juzi ukaja mwaliko wa semina ya siku tatu ya usalama wa mtandao, mjini Tarime. Barua ilisema wazi kwamba anahitajika mtumishi anayeshughulika na barua pepe ya ofisi kila siku. Mkuu aliisoma mara mbili, akajiona yeye. Alikwenda, akarudi na kofia, begi na cheti. Cheti kilitundikwa ukutani juu ya kiti chake, mahali ambapo mgeni hawezi kukikwepa. Alipotupa mrejesho tulisikia mengi kuhusu kuku wa mchana wa siku ya pili. Kuhusu usalama wa mtandao alisema ni suala mtambuka.

Haukupita mwezi, Jumanne moja asubuhi, Bi Wegesa akafungua barua pepe ya shule akakuta hii:

"Mpendwa Mtumiaji, mfumo wetu umegundua kuwa taarifa zako hazijafanyiwa uhakiki. Akaunti yako itafungwa kabisa ndani ya saa 24. Bofya hapa uhakiki kwa kuingiza neno lako la siri. Asante. Idara ya Barua Pepe."

Ambaye hajawahi kuwa mtumishi wa umma hawezi kujua neno uhakiki linavyofanya kazi tangu wenye vyeti vya kughushi walipofukuzwa. Halisomwi kwa macho, husikika tumboni. Mtu mwenye vyeti halali kabisa, alivyovipata kwa jasho lake, akilisikia anaanza kukumbuka kama kweli alifaulu darasa la saba.

Bi Wegesa aliichapa ile barua, akaipigia mistari kwa kalamu nyekundu, akaenda nayo kwa Mkuu. Dirisha la Mkuu nalo lilikuwa wazi, kwa hiyo nilisikia.

"Mkuu, hii ni ya matapeli."

"Umejuaje?"

"Haina kumbukumbu namba. Aliyeiandika hakutaja jina. Inaniita mpendwa, na tangu niajiriwe hakuna ofisi iliyonipenda. Halafu ona hapa, saa ishirini na nne. Tuliandika kuomba madawati mwaka juzi, Mkuu. Wameshajibu?"

"Madawati ni suala lingine."

"Sawa. Nimesogeza kishale cha mausi juu ya hayo maneno ya 'bofya hapa', bila kubofya. Pale chini imejitokeza anwani ya inakokwenda. Haina go.tz ya serikali wala jina la kampuni inayotupa barua pepe. Ni herufi tu, kama mtu amekalia kibodi. Na huyo aliyetuma, anwani yake pia siyo."

Mkuu aliitazama tena ile karatasi. Nadhani hapo alikuwa na nafasi nzuri ya kuwa mtu mwenye akili. Akaiacha ipite.

"Bi Wegesa," alisema, "kazi yako ni kuchapa. Mambo ya mtandao yana wataalamu wake. Unaona kile pale ukutani?"

"Nakiona, Mkuu."

"Basi niachie."

Akachukua simu yake janja, iliyounganishwa na barua pepe ya shule kwa heshima tu, akaifungua barua, akabofya. Ukurasa ukamwomba anwani ya barua pepe, neno la siri, neno la siri kwa mara ya pili ili kuwa na uhakika, tarehe ya kuzaliwa na namba ya simu. Alivijaza vyote kwa utulivu wa mtu anayetimiza wajibu. Ukurasa ukamjibu "Hongera." Akatoka nje ya ofisi akiwa ameinua simu ili tuione.

"Dakika mbili!" alisema. "Watu wanalalamika huduma mbovu. Hii ni huduma."

Kesho yake saa mbili asubuhi Bi Wegesa alishindwa kuingia kwenye barua pepe ya shule. Neno la siri lilikataa. Alijaribu tena polepole, herufi kwa herufi, likakataa. Wakati huohuo simu zikaanza kuita. Usiku ule kila mtu aliyewahi kuandikiana na shule yetu, walimu, wazazi, parokia, wafadhili, na mtu aliyetuuzia mbegu za miti, alikuwa amepokea barua kutoka kwa Mkuu ikimtaka ahakiki akaunti yake ndani ya saa ishirini na nne.

Mimi nilibofya. Sitajificha nyuma ya Mkuu. Barua imetoka kwa bosi wangu, imetaja uhakiki, na mimi nilikuwa sijanywa chai. Niliandika neno langu la siri, ambalo lilikuwa jina la mwanangu wa kwanza na mwaka aliozaliwa, na ambalo nililitumia kila mahali kuanzia barua pepe hadi mfumo wa matokeo. Ukurasa ukanipongeza pia. Wezi wale hawakuwa wachoyo wa pongezi.

Kati ya waliopiga simu asubuhi ile, mmoja tu hakuwa amebofya. Alikuwa Neema, binti aliyesoma kwetu, ambaye sasa anakaa mapokezi kwenye hoteli moja ya wageni karibu na lango la Ikoma la kuingilia hifadhi ya wanyama. Hoteli hiyo ilikuwa imeahidi kuwachukua vijana wetu wanne waliomaliza kidato cha nne wakajifunze kazi. Neema alimpigia Bi Wegesa kwa namba aliyokuwa nayo tangu akiwa mwanafunzi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Kuna barua ya Mkuu huku. Inataka niingize neno la siri la hoteli. Nimeona Mkuu hawezi kuwa na shida na neno la siri la hoteli, ndiyo maana nimekupigia kwanza."

"Umefanya vizuri. Usibofye, ifute. Na waambie wenzako."

"Mkuu anajua?"

"Atajua," alisema Bi Wegesa, "akishapata wa kumlaumu."

Aliyetuokoa siku ile ni Bupe, mwalimu wa Fizikia kutoka Mbeya, kijana mpole anayezungumza kana kwamba anaomba radhi. Alikaa na Bi Wegesa mbele ya kompyuta, akauliza nani alifungua akaunti ya shule hapo mwanzo. Ilikuwa Bi Wegesa mwenyewe, mwaka 2013. Wakati huo mkuu aliyekuwepo alikuwa na simu isiyoshika mtandao juu ya kilima chetu, kwa hiyo Bi Wegesa alijaza namba ya kitochi chake mwenyewe, simu ndogo ya vitufe, kama namba ya kurejeshea akaunti. Wezi walikuwa wamebadilisha neno la siri, lakini kampuni ya barua pepe ilikuwa bado inaitambua ile namba ya zamani. Bupe akabofya, kitochi kikalia kwenye mkoba, zikaingia tarakimu sita. Baada ya dakika kumi akaunti ilikuwa yetu tena.

Bupe hakuishia hapo. Aliweka utaratibu wa hatua mbili: tangu siku ile, mtu akitaka kuingia kwenye barua pepe ya shule kwa simu au kompyuta ngeni, neno la siri peke yake halimtoshi. Lazima aandike pia tarakimu sita ambazo hutumwa wakati huohuo kwenye kitochi cha Bi Wegesa.

"Kwa nini kwenye simu yake na si yangu?" Mkuu aliuliza.

"Wewe una majukumu mengi, Mkuu," alijibu Bupe.

Mkuu alikubali kwamba ana majukumu mengi.

Sisi wengine tuliobofya, Bupe alitupanga foleni kama watoto wa chanjo, akatubadilishia maneno ya siri, akatukataza kutumia moja kila mahali na kutumia majina ya watoto. Bi Wegesa alikaa na simu tangu saa nne hadi saa tisa alasiri, akiwapigia watu wote waliokuwa kwenye orodha, mmoja mmoja. Hakula mchana. Mkuu alisema ameguswa na jinsi timu ilivyoshirikiana, kisha akaenda benki.

Kwenye kikao cha Ijumaa tuliarifiwa kwamba shule ilishambuliwa na wahalifu wa kimataifa, na kwamba kutokana na mafunzo aliyoyapata Mkuu shambulio lilidhibitiwa. Tukapiga makofi. Bi Wegesa ndiye aliyeandika muhtasari wa kikao, na aliandika kama ilivyosemwa.

Jambo ambalo hakuna aliyelifikiria, hata Bupe, ni kwamba wale watu walikaa ndani ya barua zetu karibu siku nzima. Walisoma. Kila tulichowahi kuandika kilikuwa mle, pamoja na barua ya Bi Wegesa ya kutoa taarifa ya kustaafu, yenye majina yake matatu, anwani yake binafsi ya barua pepe, namba yake ya utumishi na tarehe ya ajira.

Wiki tatu zikapita. Asubuhi moja Bi Wegesa alifungua barua pepe yake binafsi, ambayo huwa haina kitu zaidi ya matangazo, akakuta barua. Alinieleza baadaye, akiangalia pembeni, kwamba ilikuwa nzuri mno. Ilikuwa na kumbukumbu namba. Ilikuwa na nembo ya ofisi ya mafao. Somo lilipigiwa mstari. Ilisema "tafadhali rejea barua yako," na tarehe iliyotajwa ilikuwa sahihi kabisa. Hapakuwa na mpendwa mtumiaji humo. Kulikuwa na Ndugu Wegesa Nyangi Mniko, Mwandishi Mwendesha Ofisi, Daraja la Kwanza. Kisha ikasema ofisi inatambua na kuthamini utumishi wake wa miaka ishirini na tisa, uvumilivu wake, na mchango wake kwa elimu ya watoto wa Mara.

"Macho yalinilowa, mwalimu," aliniambia. "Nimechapa barua za pongezi za watu wengi pale. Yangu ilikuwa hiyo ya kwanza."

Mwizi ndiye aliyekuwa wa kwanza kumshukuru. Kabla ya kufanya lolote Bi Wegesa aliichapa nakala moja kwenye karatasi, akaiweka kwenye mkoba.

Halafu akabofya mahali barua ilipomwelekeza. Ukurasa ulikuwa safi, wenye rangi za kiofisi. Ulimwambia kwamba ili mafao yake yaandaliwe, athibitishe utambulisho wake kwa kuingiza anwani ya barua pepe na neno lake la siri. Aliandika anwani. Akaanza kuandika neno la siri. Alikuwa amefika nusu alipojiuliza swali dogo: hawa watu wa mafao wana faili langu, wana picha yangu, wana alama za vidole vyangu kumi. Neno la siri la barua pepe yangu wanalitaka la nini?

Aliondoa mikono kwenye kibodi kama mtu aliyeshika sufuria ya moto. Alisema kilichomshtua si wezi. Alikuwa amejiona anajua. Alikuwa ametembea wiki tatu na ile kalamu nyekundu kichwani, akiamini tapeli anajulikana kwa uandishi mbovu, na sasa huyu aliandika vizuri kuliko Mkuu wa shule. Aliangalia anwani kule juu kwa makini. Ilikuwa na go na ilikuwa na tz, lakini kati yake palikuwa na kistari badala ya nukta, na baada ya hapo mkia mrefu usio na maana.

Aliufunga ukurasa. Namba ya simu iliyokuwa kwenye barua hakuigusa. Alifungua kabati, akatoa barua ya zamani ya ofisi ile, iliyokuja kwa posta miaka mitano nyuma, akapiga namba iliyo juu ya karatasi. Mara nne haikupokelewa, jambo lililomtia moyo kwamba namba ni ya kweli. Mara ya tano akapokea mwanamume.

"Mmeniandikia barua pepe leo kuhusu mafao?"

"Jina?"

Akamtajia. Yule mtu akaondoka, akakaa huko muda wa mtu kunywa soda, akarudi.

"Mama, faili lako halijatufikia."

"Nililituma mwezi wa tatu."

"Inawezekana, lakini huku halipo. Hatuna cha kukuandikia. Huyo aliyekuandikia amekuwahi kuliko sisi."

Bi Wegesa alishukuru, akakata. Hapo ndipo kitochi kilipolia mkononi mwake, mlio mfupi wa ujumbe. Alisoma: tarakimu sita, za kuingilia kwenye barua pepe ya shule.

Yeye hakuwa ameziomba. Bupe alikuwa darasani, tulimsikia akieleza nyenzo kwa kidato cha pili. Maana yake kulikuwa na mtu mahali fulani aliyekwisha kuandika neno jipya la siri la shule, na likakubali. Watu wenye neno hilo walikuwa watatu: yeye, Bupe na Mkuu.

Alivuka korido akaingia kwa Mkuu bila kubisha hodi, jambo ambalo sikuwahi kuliona. Niliinuka, nikasogea mlangoni. Walimu wawili wakanifuata. Mkuu alikuwa na simu sikioni, uso umemng'aa. Alifunika simu kwa kiganja.

"Aa, Bi Wegesa, umekuja wakati mzuri. Kuna tarakimu sita zimeingia kwako. Nisomee."

"Huyo ni nani, Mkuu?"

"Afisa. Nimechaguliwa miongoni mwa wakuu kumi wa shule wenye uongozi mahiri wa kidijitali nchi nzima." Akalisema lote hilo bila kusita. "Wanaandaa tuzo. Nisomee, mtu anasubiri."

"Umempa neno la siri?"

"Nimethibitisha taarifa tu."

"Umempa."

"Bi Wegesa, nisomee namba."

"Siisomi."

Miaka ishirini na tisa, wakuu wa shule watano. Aliwahi kutumwa chai, aliwahi kutumwa kuchapa kadi za harusi ya shemeji wa mkuu, aliwahi kuambiwa arudie ripoti nzima kwa sababu mkuu amebadilisha aina ya mwandiko. Sijawahi kusikia akikataa. Nadhani hata yeye hakuwahi kujisikia. Sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa.

"Hiyo ni amri," alisema Mkuu.

Bi Wegesa alikizima kitochi, akakifunga kwenye pindo la kitenge chake, mafundo mawili.

Mkuu akarudi kwenye simu. "Samahani sana, afisa. Kuna changamoto ndogo ya mtumishi hapa." Alikuwa amebonyeza spika bila kujua, au pengine alitaka tusikie. Sauti ya mwanamume ikajaa chumba kizima, nzito, yenye haraka.

"Mwambie huyo mtumishi tutamchukulia hatua! Zimebaki dakika tatu, nafasi inakwenda kwa mwingine!"

Bi Wegesa akainama juu ya meza.

"Shikamoo, kama ni mkubwa," alisema. "Nipe kumbukumbu namba ya barua yako, na jina lako, na ofisi uliyokaa. Nitakupigia kupitia namba ya mezani ya hapo ofisini."

Tulisikia jogoo anawika huko aliko afisa. Kisha simu ikakatika.

Mtu angetegemea hapo Mkuu aseme asante. Nasi tulitegemea. Tulikuwa tumesimama mlangoni tukitegemea kwa nguvu zetu zote. Bwana Ildefonce alitukodolea macho, akatuuliza kama hatuna vipindi.

Mchana wake aliandika kwa kalamu barua ya kumtaka Bi Wegesa ajieleze, ndani ya siku saba, kwa nini asichukuliwe hatua za kinidhamu kwa kukaidi amri halali mbele ya walimu. Akaiweka kwenye faili la kijani ili ichapwe. Shule ina mchapaji mmoja. Bi Wegesa aliichapa barua yake mwenyewe, akasahihisha makosa manne ya tahajia, akaipeleka ikasainiwa, akajikabidhi, akaipiga muhuri wa IMEPOKELEWA na kuihifadhi nakala. Kisha akaandika majibu yake. Niliyaona. Yalikuwa mafupi: "Namba sikuitoa kwa sababu aliyeiomba hakuwa na haki nayo. Ningeombwa tena leo nisingeitoa." Na chini, majina yake matatu.

Jioni Bupe alibadilisha tena neno la siri la shule. Safari hii alimpa Bi Wegesa peke yake, na Mkuu hakuliulizia. Nadhani aliogopa kulijua.

Siku tano baadaye Mkuu alikwenda kwenye mkutano wa wakuu wa shule. Alirudi bila kuitisha kikao cha mrejesho. Tulikuja kupata habari kwa walimu wa huko: mkuu wa shule nyingine, simtaji, naye alikuwa amechaguliwa miongoni mwa kumi bora. Yeye alisoma tarakimu zote sita kwenye simu, kwa sauti, akarudia mara mbili ili zisikosewe. Kwa siku nane jina lake lilitumika kuwaandikia wazazi mambo ambayo sitayarudia, na barua pepe ya shule yake haijarudi hadi leo. Mkutanoni alisimama kueleza, akashindwa kumaliza.

Kesho yake asubuhi Mkuu alikuja mwenyewe kwenye meza ya Bi Wegesa. Alisimama. Alishika kalamu iliyokuwa pale, akairudisha.

"Ile barua," alisema. "Iondoe kwenye faili."

"Faili la mtumishi haliondolewi kitu kwa mdomo, Mkuu. Naomba maandishi."

"Sawa."

"Nikuchapie?"

"Hapana. Nitaandika."

Aliandika pale pale, kwa mkono, amesimama, mstari mmoja na nusu. Neno samahani halikuwemo, nami sikulitafuta sana. Lakini alipomaliza alibaki amesimama pale kwa muda uliozidi kidogo, kisha akasema kwa sauti ya chini, haraka, kama mtu anayetema mbegu: "Shikamoo." Bi Wegesa alikuwa anatafuta mkasi. Aliinua kichwa, akamwangalia, akasema marahaba, akaendelea kutafuta mkasi.

Kwenye kikao kilichofuata tulielezwa kwamba shule imeweka mfumo imara wa hatua mbili chini ya uongozi wa Mkuu. Mwezi wa kumi akaalikwa kwenda kutoa mada kuhusu uzoefu wetu. Mada aliichapa Bi Wegesa, na nimeambiwa ilisifiwa.

Alistaafu Juni ya mwaka uliofuata. Faili lake lilikuja kupatikana kwenye ofisi nyingine, chini ya jina la Wegesha, na barua halisi ya mafao ilimfikia baada ya miezi minane. Haikuwa na salamu, ilimkosea mwaka wa kuzaliwa, na ilimtaka afike mwenyewe na nakala sita za kila kitu. Alifika, nazo nakala zikawa pungufu, akarudishwa.

Sasa anaishi kwao Nyarero, analima mahindi na maharage, na ana ndizi nyuma ya nyumba. Nilimtembelea mwezi uliopita. Nilimkuta shambani anapalilia, kitenge kimefungwa juu ya sketi, analalamikia mbuzi wa jirani. Tulikuwa hatujamaliza kusalimiana akaja Simioni, mfanyabiashara wa mahindi anayepeleka mzigo mpakani Sirari, pikipiki yake inatoa moshi, simu mkononi.

"Mama, shikamoo. Nimeletewa barua. Wanasema eti kuna mtu Nairobi ameingia kwenye email yangu, nibonyeze nijilinde. Iko poa tu, hata Kiswahili chao ni safi."

"Usinisomee Kiswahili chao. Siku hizi wezi wamesoma. Wanataka uwape nini?"

"Password."

"Ya kwako mwenyewe? Anayekulinda anataka ufunguo wako?"

Simioni akakuna kichwa, akaitazama simu, kisha akatazama mahindi.

"Mura, kijana wangu, usiniambie umebonyeza."

"Nilibonyeza kule njiani, mama. Kidogo tu."

Bi Wegesa aliegemeza jembe kwenye mgomba, akajipangusa mikono kwenye kitenge, akamnyoshea kiganja.

"Lete hapa. Tulibadilishe neno la siri sasa hivi, wakati la zamani bado linakubali."